Washindani wa Barabara ya Boma

Mektrida na Vedastus walikutana soko la Mbuyuni, mwaka 2008, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa koti lile lile la mtumba.

"Hili la kike, kaka," Mektrida akasema.

"Basi acha nikuvalishe," akajibu kijana yule mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi. Kifuani alining'iniza kitambulisho, na Mektrida alipokisoma akacheka. Kampuni iliyoandikwa hapo ndiyo iliyokuwa ikigombea wateja na kampuni aliyofanyia kazi yeye. Zote mbili zilitandaza nyaya za intaneti mjini Moshi, kuunganisha ofisi za wafanyabiashara.

Wakapendana. Wakapatana pia kwamba mambo ya kazi yaishie ofisini.

Kisha Mzee Filemon, mwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, akataka kiwanda, ghala na ofisi yake viunganishwe. Mektrida aliihangaikia sana kazi ile. Jioni moja, akiwa anakula na Vedastus, alipigiwa simu na bosi wake, akamtajia bei waliyoipanga, Vedastus akisikia. Wiki hiyo hiyo kampuni ya kina Vedastus ikashuka chini yake kidogo tu, ikapewa kazi.

"Umeniuza, Vedi," akamwambia kwa simu. "Usinitafute tena." Akakata.

Masika yakaja, yakapita. Nyumbani Kirua Vunjo, mama yake alichoka kumwuliza mbona hali chakula.

Siku moja akaenda kiwandani kwa Mzee Filemon kung'oa mitambo ya majaribio ambayo kampuni yao iliifunga wakati wa kugombea kazi ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado umenuna? Bei yako niliwaambia washindani wenu mimi mwenyewe. Wanunuzi wa kahawa hunishindanisha kila msimu, nami nikawashindanisha ninyi. Bosi wako nilimwomba ashushe, akakataa."

Mektrida akaketi juu ya gunia, akampigia Vedastus simu.

"Vedi, mbona hukujitetea?"

"Kwa nani, mpenzi? Nilikuja ofisini kwenu, ukamtuma mlinzi aseme hupo."

"Nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Vedastus akasema. "Ila nimechoka na mapenzi ya kuviziana. Wazee wangu wa Tarakea wakileta pombe ya mbege kwa baba yako kuja kuposa, itapokelewa?"

"Itapokelewa. Waje Jumapili, baada ya misa." Akajifuta macho. "Lakini kazi ya kuunganisha intaneti ile hoteli mpya nitawanyang'anya."

"Jaribu, mke wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mektrida alirudi na neno hilo hadi ofisini kwao, Barabara ya Boma, akaketi mezani, akaanza kupiga hesabu za hoteli.