Msilaumu Uzi

Pale Muthetheni, hakuna anayesuka kiondo kama Munyiva. Husuka akipiga hadithi, na vidole havikosei. Sisi wa kikundi chake tunabaki kumtazama tu.

Mwaka wa 1998 titi lake la kushoto lilikatwa kwa sababu ya saratani. Alipopona, alijisukia titi la uzi, akalitia ndani ya sidiria.

"Hili halinyonyeshi," akatuambia, "lakini pia halilii!"

Tulicheka hadi machozi yakatutoka.

Miaka miwili baadaye, kipele kigumu kiliota kwenye kovu. Hakikuuma.

"Ni uzi unanikwaruza," akasema. Akapaka mafuta. Akasuka titi lingine kwa uzi laini wa pamba. Wapi! Kipele kikapata mwenzake.

Siku moja Nzembi, nesi wa zahanati yetu, alikuja kununua kiondo. Akamwona Munyiva akijishikashika kifua.

"Mama, hebu nione."

Aliangalia kwa makini. "Uzi hauna makosa. Saratani inaweza kurudi kwenye kovu, hata kama titi lote lilitolewa. Rudi kwa daktari wiki hii."

Kiondo kilimponyoka Munyiva. "Ngai, Mungu wangu! Nimekwisha! Ikirudi si ni kaburi?"

"Nani amekuambia? Ikirudi hapo pekee, iko na matibabu. Watatoa kinyama kidogo wapime. Watakupiga picha waone kama imefika kwingine. Lakini usingoje."

"Utaenda na mimi?"

"Naenda."

Woi, tuliogopa! Lakini Munyiva alijifunga leso akaenda. Vipimo vilionyesha saratani imerudi kifuani tu. Daktari alivikata vile vipele. Kisha Munyiva akatumwa Nairobi kutibiwa kwa mionzi, wiki baada ya wiki. Ngozi yake ilibabuka ikawa nyeusi. Alichoka sana. Kwa aina ya saratani yake, alipewa pia vidonge vya kumeza kila siku. Na bado alisuka, ameketi kitandani. Huyo ni mwanamke kweli!

Leo Munyiva ana nguvu zake, na haachi kwenda kupimwa. Juzi alifungua blauzi mbele ya kikundi chote.

"Shikeni hili kovu, mlijue. Mkipata kovu kama hili, nalo likibadilika, msilaumu uzi."

Kaluki, aliyekatwa titi mwaka jana, hakulishika. Aliingiza mkono ndani ya blauzi yake mwenyewe, akapapasa kovu lake, vidole vikasimama mahali pamoja.

Munyiva aliweka kiondo chini, akachukua leso yake.

"Inuka, dada. Naenda na wewe."