Mawe Manne Juani

Osewe alirudi nyuma hatua mbili ili mteja wake aenee kwenye picha, akatumbukiza mguu mzima kwenye beseni la maji ya kuoshea nywele. Ilikuwa Jumamosi mchana pale steji ya Kawangware 56, mwaka wa tisini na tano, na hakuna mtu ambaye hakuona. Mwenye beseni alikuwa Nthenya, msusi kutoka Machakos, rinda la njano, viatu vya soli nene, mikono imejaa povu. Hakucheka. Alimwangalia yule kijana wa koti la jinzi na kamera shingoni, akamwambia akachote mengine, kwa sababu hayo yalikuwa ya kichwa cha bibi harusi.

Osewe akachota. Aliporudi na ndoo akampiga picha bila kuomba ruhusa, na Alhamisi akamletea ikiwa imesafishwa. Nthenya akaikagua mbele na nyuma, akalalamika kwamba amefanywa mnene. Lakini hakuirudisha. Aliibandika kwenye kioo cha saluni, na wateja wakaanza kumuuliza huyo Mjaluo wa kamera ni nani.

Kwa mwaka mzima watu hao wawili walitusumbua. Osewe alikuwa akiishi Kisumu Ndogo kule Kibera, kwenye ploti isiyo na simu, kwa hiyo Nthenya alikuwa akipiga kwenye baa ya jirani kutoka kibanda cha simu cha steji ya pili, Kawangware 46. Baa nzima ilikuwa ikinyamaza kusikiliza. Osewe angegeuka ukutani na kunong'ona "ndiyo, dia," "hapana, dia," na walevi wangerudia pamoja naye. Waliitana majina ambayo nikiyaandika hapa mtanicheka mimi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mama yake Nthenya, Kaveke, alikuwa mpishi wa shule kule Kinangop, kwenye baridi ya kuuma mifupa. Alikuwa mjane, na maisha yake yote alikuwa amekataa kupigwa picha. Sura yake ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kitambulisho. Julai ya tisini na sita madaktari walisema lazima apasuliwe tumbo, na yeye mwenyewe akatuma ujumbe: mlete huyo kijana wako anipige, mimi na wewe, kabla sijaingia huko.

Osewe alinunua mawe mapya ya kamera, manne, yaani betri zile ndogo za redio. Wakapanda pikapu ya kubebea kabeji, wakafika Kinangop giza limeingia. Wanawake walilala ndani ya chumba kimoja cha mama. Osewe alilala kwenye kiti cha mbele cha pikapu na dereva, akaacha mkoba wa kamera nyuma, chini ya turubai, ili apate pa kunyoosha miguu.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, umande umeganda. Kaveke alitoka na gauni la kijani la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akaketi kwenye kiti nje ya mlango. Nthenya akapiga magoti kando yake, mkono begani mwa mama. Osewe akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akatoa mawe, akayafuta kwenye suruali, akayang'ata kama tunavyong'ata mawe ya tochi, akayarudisha. Kamera haikujibu kitu.

Mama alikaa pale nusu saa bila kulalamika, mikono mapajani. Gari la kumpeleka hospitali lilipofika alisimama akicheka kidogo.

"Usijali, kijana. Utanipiga nikirudi."

Hakurudi. Alifariki siku ya nne.

Kule Machakos, jeneza linatanguliwa na picha ya marehemu kwenye fremu. Kitambulisho kilikuwa kimeshachukuliwa na ofisi ya chifu, kama kawaida mtu akifa. Nthenya alitembea mbele ya jeneza la mama yake mikono mitupu, watu wakimwuliza kwa sauti ya chini picha iko wapi. Hakumlaumu Osewe. Alimshika mkono hadi kaburini, na nawaambia ukweli, alimpenda zaidi siku ile.

Wiki tatu baadaye alikwenda Kibera bila kumwarifu, akiwa amebeba chapati kwenye kitambaa. Mlangoni kwa Osewe, juu ya kipande cha bati, alikuta mawe manne madogo yameanikwa juani.

Kila nyumba tunayoijua huanika mawe. Redio ikianza kukoroma unayatoa, unayaweka juani, unayasukuma siku mbili zaidi. Lakini unaanika yaliyochoka. Hakuna mtu anayeanika mapya.

Aliuliza kama ni yale ya Kinangop. Osewe akasema ndiyo, anataka kuyajaribu kwenye redio. Nthenya akayatia mwenyewe. Redio ikalia kwa nguvu hadi jirani akagonga ukuta.

"Yalikuwa yamechoka," Nthenya akasema. "Ulikuwa ukiyaanika hata kabla ya kwenda."

"Niliyanunua mapya kabla ya safari, Nthenya. Haki ya Mungu."

"Mapya hayaanikwi. Ulimpelekea mama yangu mawe ya kubahatisha."

Aliacha chapati juu ya meza. Simu ya baa haikulia tena. Osewe mwenyewe usiku na mchana alimlaani mwenye duka, akidhani aliuziwa ya zamani.

Ilikuwa Januari alipokutana na Mzee Sifuna, mpiga picha aliyewahi kufuatana na wageni kupanda Mlima Kenya. Osewe alimsimulia akitarajia pole. Mzee akatikisa kichwa. Mawe hayakuwa na kosa lolote, alisema. Baridi huyalemaza tu. Ukiyaweka kwapani yanapata joto na kuamka, na ndiyo maana redio ililia vizuri ulipoyaanika. Yeye mlimani alikuwa akilala nayo ndani ya soksi.

Osewe alitoka pale mbio. Mjinga wa watu, alikuwa na furaha. Alikuwa ameondolewa tuhuma ya uongo, akapita njia yote ya Kibera hadi Kawangware akitabasamu, akafika saluni akiwa amelowa jasho. Nthenya alikuwa akisuka. Alipomwona aliweka kitana chini, na uso wake haukuwa na hasira. Osewe akamweleza yote bila kupumua.

Nthenya alisikiliza hadi mwisho.

"Kwapani," alisema. "Kwa muda gani?"

Hapo ndipo Osewe alipoelewa alicholeta.

"Dakika tano. Labda kumi."

"Mama alikaa nusu saa."

"Sikujua, mpenzi."

"Najua hukujua. Hata mimi sikujua." Alivuta kiti, akaketi. "Nilikuwa nimeshakusamehe, Osewe. Nilimwambia dada yangu nitakupigia Jumapili. Nilisema, masikini yule, alikosa mawe, kitu kilichochoka kimechoka, hakuna ambaye angefanya lolote. Sasa unaniambia ilikuwa inawezekana. Nilikuwa nimevaa koti. Mikono yangu ilikuwa na joto, nimemshika bega."

Osewe akataka kumgusa. Nthenya akainua kiganja kumzuia, taratibu.

"Hukunidanganya, na nisamehe kwa kukuona mwongo. Nakupenda bado, sitakuficha. Lakini kila nikikuona nitamwona amekaa pale, na nitahesabu dakika. Siwezi kuishi na hiyo hesabu ndani ya nyumba."

Mteja aliyekuwa akisukwa alikuwa ameinamisha kichwa, nusu kimesukwa, nusu wazi, akijifanya hasikii. Osewe akasema sawa. Akatoka.

Nthenya akachukua kitana. Alisuka hadi mwisho bila kukosea mstari hata mmoja, na mteja akalia badala yake.