Ghala Alilolifunga Théophile

“Nasema hapana, Josée! Na kesho tena hapana!”

Théophile alisukuma sahani mezani kwa mama yake, ugali wa bukari ukabaki nusu. Josée, mwenzake wa ofisini, hakumwondolea macho.

“Théo, ni kazi ya dakika. Unafungua ghala, unaliunganisha, basi, c’est tout. Juu ya nini unatuficha?”

“Juu minye siko mujinga. Siku mutajua yote yenye iko mu kichwa yangu, patron atanilipa ya nini?”

“Donc shiye tukufe na ujinga?”

“Mukufe tu, minye nitaleta maua.”

Mama Mathilde alicheka. Mzaha ulikuwa wa mwanawe, naye alikuwa upande wa mwanawe.

“Josée mwana yangu, kula, usimusumbue. Baba yake alifundisha kijana mumoja mashine ya ku mugodi, yote, na roho safi. Kisha bakamurudisha baba ku nyumba, kijana akabakia. Hapa kwetu tulishajifunza.”

Josée aliondoka bila kumaliza chakula.

Ndugu zangu, niwaeleze walichogombania, maana wengi wetu kompyuta si kazi yetu. Ofisi yao, hapa Likasi, ilitengeneza programu ya kuita ambulensi. Mkunga wa kijijini akituma ujumbe, programu humtafuta dereva wa zamu. Maandishi ya programu hiyo hukaa katika ghala la mtandaoni, na ufunguo alikuwa nao Théophile peke yake. Ofisi ilikuwa pia na jukwaa la maarifa, ukurasa wa pamoja ambapo aliyekwama huuliza, na majibu huchotwa hata ndani ya ghala lenyewe. Lakini ghala lisilounganishwa halijibu kitu. Josée alikuwa akiomba liunganishwe, hakuna zaidi.

Wiki hiyo Théophile aliingia mafungo ya kanisa kumwombea dada yake Henriette, aliyeolewa kando ya ziwa Tshangalele na ambaye mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia. Simu za waumini zilikusanywa mlangoni, kama desturi yao. Ufunguo wa ghala hakumwachia mtu.

Akiwa huko, kampuni ya simu ikabadilisha laini ambayo programu huwatumia madereva ujumbe. Iliwahi kubadilishwa zamani, na Théophile aliirekebisha mwenyewe, kimya kimya, asimwonyeshe yeyote.

Henriette akashikwa na uchungu, damu ikaanza kumtoka. Mkunga akatuma ujumbe. Akatuma tena. Akangoja, kwa sababu siku zote ambulensi ilikuja.

Mjini, Josée aliona ujumbe unaingia na hautoki, wala hakuweza kuufungua ajue unatoka kijiji gani. Akauliza kwenye jukwaa: “Madereva hawapati ujumbe. Tufanye nini?” Jukwaa likanyamaza. Akakimbilia kanisani.

“Ni haraka! Muniitie Théophile!”

“Maombi haikatwake, mama,” walinzi wa mlango walimwambia. “Rudia mangaribi.”

Mkunga alipokata tamaa, walimpakia Henriette kwenye gari la wachuuzi wa samaki. Hakuiona barabara kubwa. Mtoto alikwenda naye.

Matangani Mama Mathilde alikaa mkekani, sauti imemkauka. Alimzaa Henriette katika mwaka wa njaa, akamlea kwa kuuza mkaa, na sasa wanawake walikuwa wakimwimbia nyimbo ambazo yeye mwenyewe aliwahi kuwaimbia wengine. Josée alikuja akaketi karibu yake. Théophile, aliyekuwa ameinamia chini, akainua kichwa.

“Mulikwama wapi?”

“Ku laini ya simu.”

“Lakini niliandika! Mu ghala, pale pale! Laini ikibadilika, geuza namba huku!”

“Uliandika, Théo. Nani alisoma?”

Théophile akamgeukia mama yake.

“Mama, njo weye ulisemaka...”

“Nilisema. Ni minye.” Mama Mathilde hakupepesa macho. “Na weye mutu muzima, na diplôme yako, ukanisikia. Tulimuzika Henriette bawili, minye na weye. Lete ordinateur.”

“Mama Mathilde, ku matanga?” jirani mmoja alinong’ona.

“Ku matanga! Mutoto wa mutu mwingine iko anazala leo. Lete!”

Nyimbo zikakatika. Théophile akaingia ndani, akatoka na kompyuta, akaiweka juu ya mkeka mbele ya mama yake. Akakosea neno la siri. Akaandika upya, akageuza kwanza namba ya laini. Akaliunganisha ghala na jukwaa, kisha akampa Josée ufunguo, na wenzake wote wa ofisini mmoja mmoja, mama yake akimtazama.

MAFUNZO

Ujuzi unaomnyima mwenzako haukulindi. Unaweza kumuua mtu usiyemdhania, hata yule unayemwombea. Waliorudishwa nyumbani na migodi waliumizwa kweli, hakuna wa kukataa. Lakini kidonda cha baba kisifanywe sheria ya watoto. Wazazi, chungeni mnachokisema mezani, maana watoto wanakila pamoja na bukari. Na wewe mwenye ufunguo ambao hakuna mwingine anao, usiungojee msiba. Mpe mtu leo.