Marcelo Ajibu Shtaka

Pamba ilikuwa imekwisha kuuzwa, na watu wa Dutwa walikuwa wakisafisha mashamba. Kila asubuhi Marcelo alitoka na panga lake, akakata miti ya pamba iliyokauka. Mkewe, Scola, alimfuata nyuma na kuikusanya malundo malundo ili ichomwe. Kando ya pamba palikuwa na mabua ya mahindi. Hayo hayakuchomwa. Yalikuwa chakula cha maksai wao wakati wa kiangazi.

Siku moja Scola alibaki nyumbani akiuguza mtoto, na Marcelo alikwenda shambani peke yake. Akasikia mabua yakivunjika. Ng'ombe wa jirani yake Mahona walikuwa wameingia. Marcelo akaanza kuwafukuza.

Mahona akatokea nyuma yao, mkuki begani.

"Acha ng'ombe wangu," alisema.

"Watoe shambani kwangu, nami nitawaacha."

"Mabua makavu unayalinda kama mke mpya?"

"Hata yakiwa makavu, ni yangu."

Maneno yakawa makali. Mahona akamsukuma. Marcelo akajikwaa kwenye kisiki, akaanguka chali. Alipofumbua macho aliona mkuki umeinuliwa juu ya kifua chake. Hapo akapiga panga mara moja. Panga likampata Mahona kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mkuki ukaanguka.

Marcelo alitupa panga. Akavua shati, akalifunga jeraha kwa nguvu, akampakia Mahona kwenye baiskeli na kumfikisha kituo cha afya. Kutoka hapo alikwenda polisi mwenyewe, akaeleza yaliyotokea. Maelezo yake yaliandikwa, akasomewa, akatia saini. Alilala mahabusu, kisha akapewa dhamana na kuamriwa afike mahakamani Bariadi siku ya Jumatatu. Askari mmoja alimwambia bila kuficha:

"Ni kosa la kusababisha madhara makubwa mwilini. Ukipatikana na hatia, jela yake ni ya miaka."

Mzee Salu, baba mdogo wa Marcelo, aliitisha kikao cha nyumbani. Ndiye aliyemlea Marcelo, na neno lake halikupingwa ovyo. Alikuwa ameketi katika mabaraza mengi ya kijiji. Katika mabaraza hayo, mtu aliyekiri na kuinamisha kichwa alitozwa ng'ombe, watu wakala, na neno likaisha. Aliyebisha alitengwa. Hakuna aliyemwazima jembe, wala aliyekwenda kwenye msiba wake.

"Sikiliza, bhabha, mwanangu," alisema Mzee Salu. "Hakimu akikuuliza, jibu kwamba ni kweli. Omba msamaha. Mkubwa humhurumia anayekubali."

"Nitakubali, baba," alijibu Marcelo. "Mkono huu ndio uliomkata. Siwezi kusema uongo mbele ya serikali."

"Na mkuki?" aliuliza Scola. "Huo nani atausema?"

"Mkwe, mahakamani si mahali pa kubishana." Mzee Salu akaonyesha beberu aliyefungwa mlangoni. "Yule tutampelekea Stephania. Alikuwa akikata kuni mpakani mwa shamba, aliona yote. Asije akasema vibaya."

Stephania alikuwa mke wa kaka yake Mahona. Waliishi boma moja.

Kesho yake, siku ya gulio, Scola alikwenda ofisi ya kata. Kila Jumamosi alikuwapo hapo Sia, msaidizi wa kisheria aliyehamia Bariadi kutoka Kilimanjaro. Scola alimweleza yote, naye Sia akakubali kufika nyumbani.

"Mwangaluka, baba," alisalimu Sia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Binti wa milimani umejifunza kusalimia. Lakini mambo ya ng'ombe utayajua wapi? Kwenu wanakula ndizi."

"Ng'ombe wetu wanakula migomba, baba, nao wamefungwa bandani. Ndiyo maana hawaingii shamba la mtu."

Mzee Salu alicheka kidogo, akampa kigoda. Sia akamgeukia Marcelo.

"Jumatatu utajibu nini?"

"Nitasema ni kweli."

"Kweli gani?"

"Kwamba nilimkata."

"Shtaka halitasema tu kwamba ulimkata. Litasema ulimkata kinyume cha sheria. Ukijibu kwamba ni kweli ukanyamaza, umekubali yote mawili. Hakimu anaweza kukutia hatiani siku hiyohiyo, bila shahidi hata mmoja kusikilizwa."

"Nikikataa nitakuwa mwongo," alisema Marcelo.

"Hukatai kwamba ulimkata. Unakataa kwamba ulitenda kosa. Sheria inamruhusu mtu kujikinga anapovamiwa, ila kwa nguvu inayotosha kuiondoa hatari, isizidi. Ulipiga mara ngapi?"

"Moja."

"Kwa nini uliacha?"

"Mkuki ulikuwa umeanguka."

"Basi sema hivyo. Usipunguze, usiongeze. Na usisahau, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kosa. Wewe huna mzigo wa kuthibitisha kwamba u safi."

Mzee Salu alikohoa. "Barazani anayejitetea anaonekana jeuri."

"Barazani, baba, mnatafuta amani, nanyi mnafahamiana. Hakimu hamfahamu Marcelo. Anajua kile tu kitakachosemwa mbele yake."

Sia alimwona beberu. Scola akamwambia alikuwa wa nani.

"Huyo mfungueni," alisema Sia. "Zawadi kwa shahidi ni kosa jingine, tena inauharibu ushahidi wenyewe. Asiende mtu kwa Stephania, wala kwa Mahona. Zamu yenu ya kujitetea ikifika, mtaiomba mahakama imwite Stephania kwa hati. Nami nitamwandikia wakili wa msaada wa kisheria. Mwombeni mapema, msingoje hukumu. Na Kiswahili kikikulemea, Marcelo, unayo haki ya kuomba mkalimani."

"Na tusipompelekea kitu, atasema nini?" aliuliza Mzee Salu.

"Sijui, baba. Hakuna anayejua."

Mzee Salu akainuka mwenyewe, akamfungua beberu.

Jumatatu Marcelo alisimama kizimbani. Shtaka lilisomwa. Hakimu akamtazama.

"Umesikia shtaka. Ni kweli au si kweli?"

Marcelo alimwona Mzee Salu kwenye benchi, kofia mkononi. Neno alilofundishwa tangu utotoni, "ni kweli", lilikuwa mdomoni mwake.

"Mheshimiwa, nilimkata. Lakini si kweli kwamba nilitenda kosa. Aliniinulia mkuki nikiwa nimeanguka. Nilijikinga."

Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa amekana kosa. Kesi ikaanza, ikaahirishwa mara kadhaa. Kila alipotakiwa Marcelo alifika, kwa basi au kwa baiskeli. Mahona alitoa ushahidi wake. Alisema mkuki ulikuwa begani tu. Daktari alieleza jeraha. Kisha ikawa zamu ya utetezi, na wakili aliyeandikiwa na Sia akamwongoza Marcelo kueleza yaliyotokea.

Mwendesha mashtaka alisimama. "Unasema uliogopa kufa. Mbona hukupiga mara ya pili?"

"Mkuki ulikwisha kuanguka."

Stephania akaitwa. Alisimama akiwa ameshika ncha ya kitenge chake, asimtazame mtu. Mahona alikuwa ameketi mbele, mkono umefungwa.

"Nilimwona Marcelo chini," alisema Stephania. "Mahona alikuwa juu yake, ameinua mkuki kwa mikono miwili."

"Umepewa nini ili useme hayo?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Sikupewa kitu. Watu wa Marcelo hawajakanyaga kwetu tangu siku ile. Mahona ni shemeji yangu, na leo nitarudi boma lake. Mliniuliza nilichoona."

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa sauti ya upole. Alisema mshtakiwa alikuwa katika hatari ya kweli, alipiga pigo moja, na hatari ilipokoma naye alikoma. Kosa halikuthibitishwa. Marcelo akaachiliwa huru.

Nje ya mahakama hakuna aliyeshangilia. Mahona alipita akiwa amekumbatia mkono wake. Vidole vitatu vilikuwa havikunjiki tena.

"Sasa ndipo mahali pa baraza," alisema Mzee Salu. "Jirani yetu ameumia."

Wazee wa pande zote mbili walikutana. Hakuna aliyelazimishwa kukiri chochote. Walikubaliana njia ya kupitisha ng'ombe, mbali na mashamba. Stephania hakulaumiwa, kwa kuwa Mzee Salu alilitaka hilo liwe neno la kwanza. Tangu hapo, kijana wa pale akipatwa na kesi, Mzee Salu humwambia: "Kabla ya kujibu lolote, nenda kwa Sia."

Mvua za kwanza ziliponyesha, Marcelo alifika kwa Mahona na maksai wake wawili na plau.

"Sikukuita," alisema Mahona.

"Najua. Shamba lako linaanzia wapi?"

Mahona aliwatazama maksai mpaka mmoja alipoanza kukwangua udongo kwa kwato. Kisha akaikamata kamba kwa mkono wa kushoto, akatangulia mbele kuwaongoza, na Marcelo akafuata nyuma ameshika plau.