Kombe Limerudi Peke Yake

"Kanze! Kombe limefika!" Mwaro, nduguye, aliingia mbio na kifurushi kwapani.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani? Limekuja na basi. Kondakta kaniachia hapa Tarasaa, nilipeleke kwa kamati Garsen."

Kanze akakaa juu ya kinu. Uani wazee walikuwa wameketi na kibuyu cha mnazi, tembo la posa, alicholeta kijana Chengo, na hiyo ilikuwa posa yake ya tatu kwa Kanze. Mbili za kwanza Kanze alizikataa. Kwa Wagiriama mnazi wa posa haunywewi mpaka binti mwenyewe aseme unyweni.

Alizikataa kwa ajili ya Semboja, nahodha wa timu ya Tanga iliyovuka mpaka miaka miwili iliyopita kucheza Kombe la Ujirani Garsen. Siku nne tu, Kanze akiwapikia wageni. Semboja akala wali wake, akaula na moyo wake. Siku ya kuondoka alilipakata kombe waliloshinda, akamwambia:

"Sheria inasema nahodha alirudishe mwakani kwa mkono wake. Kombe likiwa kwangu, lazima nirudi kwako."

Mwaka uliofuata wafadhili walijitoa, mashindano yakafa yangali machanga. Simu za Semboja hazikufa. Wiki iliyopita, kamati ilipodai kombe lake, aliandika: "Jumamosi naja na kombe, naja na posa. Nisubiri mpenzi."

Jumamosi ndiyo hii. Kanze alimpigia simu. Ikapokewa na mwanamke.

"Haloo, shikamoo mama! Wewe ndiye mama wa kamati?"

"Kamati gani?"

"Si ya kombe, jamani! Humu simuni mwake umeandikwa Kamati Garsen. Mume wangu yuko uwanjani, simu kaiacha kwenye chaji. Yeye kila siku kamati, kamati, mpaka namtania. Kombe limewafikia salama?"

Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, akiita mama. Kanze alitamani kumchukia mwanamke yule, akashindwa. Wote wawili walikuwa wamedanganywa na mtu mmoja.

"Limefika, dada."

"Alhamdulillahi. Akirudi nimwambie nini?"

"Mwambie kamati imevunjwa."

Akakata simu. Alilia kidogo tu, maana hata nafasi ya kulia hakupewa.

"Kanze! Wazee wanangoja!" Mwaro aliita.

Alijifuta uso kwa leso, akatoka uani, akapiga magoti mbele ya baba yake. Chengo alikuwa kando, ameinamisha kichwa, kofia imekunjwa mikononi.

"Mwanangu," baba aliuliza, "mnazi huu wa Chengo, tuunywe au tuurudishe?"

Kanze alikitazama kibuyu.

"Unyweni, baba."

Vigelegele vikapasuka. Chengo akainua uso, akatabasamu mpaka machozi yakamlenga, maskini, akidhani ameshinda.