Kombe Hamsini za Solbi

Kila Alhamisi baada ya masomo, Solbi na Dohyuk walivaa aproni nyeupe na kuingia maabara ya shule yao, kwenye pwani ya magharibi ya Korea. Kazi yao ilikuwa kupima kombe hamsini, chaza wadogo wenye magamba mawili, zilizochimbwa kwenye tope la ufuo wa kijiji. Waliandika urefu wa kila gamba, wakalipasua kwa kisu, kisha wakapima nyama kwenye mizani. Daktari Noh, mtafiti wa viumbe wa baharini, ndiye aliyezitumia takwimu zao.

Alhamisi hiyo Solbi alikunja uso. "Nyama gramu mbili tu! Mwezi uliopita zilikuwa nne."

Alipasua tumbo la kombe nyingine. Kwa kawaida msimu huo mayai hujaa ndani kama uji mweupe. Sasa yalitoka maji matupu.

"Andika nne, twende zetu," Dohyuk alinong'ona.

"Siandiki uongo."

"We Solbi, una akili kweli? Wakiona hizo mbili watafunga ufuo ili kombe zikue. Mama yangu atachimba wapi? Na bibi yako je?"

Solbi alishika kalamu. Bibi Okbun alikuwa amemlea kwa kombe hizo hizo. Hata hivyo aliandika mbili. Dohyuk akampokonya daftari, akafuta, akaandika nne.

Daktari Noh alipoingia alisoma, akatabasamu. "Vizuri sana."

"Si vizuri, Daktari," Solbi alisema. "Hizo si takwimu zangu."

"Mizani yake mbovu!" Dohyuk alipaza sauti.

"Basi lete mizani nyingine. Nitapasua zote zilizobaki mbele yenu, hata kama ni mpaka jioni."

Alipasua ishirini na tatu, akazipima kwa mizani nyingine. Hakuna hata moja iliyofika gramu tatu. Dohyuk aliinamisha kichwa. "Nilifuta mimi," akasema.

Wiki iliyofuata upande wa mashariki wa ufuo, zilikotoka kombe hizo, ulifungwa hadi vuli, wachimbaji wote wakahamia magharibi. Bibi Okbun alinuna siku mbili.

"Umenifungia mlango, we mtoto!"

"Nichukie tu, Bibi. Ningepima tena, ningeandika yale yale."

Vuli ilipofika, Daktari Noh aliwaita wanakijiji maabarani. Solbi alipasua kombe ya mashariki. Ilikuwa nono, gramu tano kasoro kidogo. Bibi Okbun aliisogelea, akaiangalia, kisha akawageukia wenzake.

"Tungechimba msimu ule, leo tungekuwa tunachimba tope tupu," alisema. "Mimi nilitaka aandike cha kunifurahisha. Yeye akaandika alichokiona, akanikasirisha, akatuokoa. Watoto, mkipima kitu, andikeni mlichokiona, hata kama anayekasirika ni bibi yenu."