Valvu za Mzee Fruge

Plagi ilikuwa imelala sakafuni, mbali na ukuta, lakini valvu zilikuwa zinawaka.

Clovis Guillory alisimama mlangoni mwa karakana yake, kikombe cha kahawa mkononi, akazitazama. Amplifaya ya rafiki yake Ovide ilikuwa mezani, mgongo wazi, na ndani yake vile vichupa viwili vya kioo vilikuwa vyekundu kama makaa yaliyopulizwa. Tangu ujana wake alikuwa akitengeneza amplifaya za gita hapo hapo mjini Eunice, nyuma ya nyumba yake, na alijua kwamba umeme huweza kujificha ndani ya mashine kwa muda. Lakini umeme uliojificha hauwashi valvu. Akaweka kikombe chini. Mwanga ukafifia taratibu, kama mtu anayefumba macho baada ya kujua kwamba ameonekana.

"Uzee huu," alijisemea.

Hakukuwa na wa kumjibu. Mkewe Nolia alifariki kabla ya mavuno ya mpunga, na tangu hapo maneno mengi ya Clovis yaliishia kwa mbwa wake, Pistache.

Valvu zenyewe alizifuata mji jirani wa Basile, baada ya Ovide Vidrine kuja kulalamika.

"Hizi mpya ulizonitilia zinalia kama bati," Ovide alisema. "Nataka ile sauti ya zamani, bwana. Ile ya kumliza bibi harusi."

"Ile haitengenezwi tena. Inatafutwa."

"Basi itafute! Una kazi gani nyingine? Kukaa humu unanuka moshi wa kulehemu?"

Ndipo Clovis akaenda nyumbani kwa marehemu mzee Fruge, aliyekuwa fundi wa redio, ambako binti yake Eula alikuwa akiondoa vitu. Alichagua kama alivyozoea. Kila valvu aliiinua dirishani kutazama lile doa la fedha kileleni. Likiwa limegeuka jeupe, hewa imeshaingia, hiyo ni ya kutupa. Maandishi hakuyagusa, kwa kuwa wino wa zamani hutoka kama vumbi. Karibu zote zilikuwa zimekufa. Mbili tu, zilizoviringishwa katika kitambaa cheusi nyuma ya kabati, zilikuwa nzima, pacha kabisa, madoa yake yaking'aa kama kioo cha kujitazamia.

Eula alipoziona alirudi nyuma hatua moja. "Hizo baba hakukubali kuziuza. Mama alipofariki alikuwa akijifungia nazo. Mwishowe tukimwita hasikii. Au sisi ndio tulikuwa hatusikiki, sijui."

"Naweza kuzichukua?"

"Chukua, mzee wangu. Nataka zitoke humu."

Karakanani alizipachika, akaigonga ya kwanza kwa penseli, kama mafundi wafanyavyo, ili asikie kama ina kasoro. Spika ikatoa mlio mwembamba. Ya pili ililia kabla penseli haijaigusa.

Hapo angeacha. Lakini Ovide, aliyekuja kusikiliza, alikuwa ameshachomeka gita, na noti ya kwanza ikatoka. Ilikuwa sauti ya joto, yenye pumzi ndani yake. Ovide alifuta macho kwa mkono wa shati. "Mama yangu wee," alisema, kisha akaiacha amplifaya ilale pale, valvu zizoee. Asubuhi yake ndipo Clovis alipozikuta zikiwaka zenyewe.

Mchana huo mvua ilinyesha. Clovis alikuwa ameinama juu ya meza alipohisi harufu ya vumbi lililoungua, na chini ya harufu hiyo, mafuta ya waridi. Spika ikavuta pumzi.

"Clo."

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyemwita hivyo, naye alikuwa kaburini.

"Clo, mbona umekonda?"

Angekimbia, miguu yake ilitaka kukimbia. Lakini alikuwa amekaa miezi mingi akila kwa kusimama, akilala upande wake tu wa kitanda, na sauti ile ilikuwa imekuja hadi mlangoni kwake. Akavuta kigoda akaketi.

"Sipiki vizuri," alijibu, akilia.

Wiki nzima aliketi hapo. Ovide alipopiga simu aliambiwa bado kidogo. Sauti ilimwimbia, ikamcheka, ikamuuliza habari za majirani, na kila ilipozidi kuwa wazi, nyumba ilizidi kunyamaza: saa ya ukutani ilitembea bila mlio, mvua ikapiga bati kama pamba inayodondoka, maji yakachemka kimya katika birika, na jioni moja Pistache alisimama uani, shingo imekakamaa, kinywa kikifunguka na kufumba kwa nguvu zake zote, akibweka na kubweka na kubweka, bila hata chembe ya sauti kumtoka, huku machoni mwake mkiwa na woga wa mnyama asiyejua ameibiwa nini. Clovis alimwona. Akafunga mlango, akarudi kwenye kigoda.

Ovide alikuja mwenyewe, kakunja uso. Alipozungumza, ilibidi Clovis asogeze sikio.

"Gita langu halilii," alinong'ona. "Nyuzi mpya, na bado halilii. Na mimi mwenyewe nisikie. Sina homa, sina kikohozi, koo linakauka tu. Tangu siku ile." Akatazama valvu. "Humu ulikuwa unaongea na nani?"

"Nolia."

Ovide alifanya ishara ya msalaba. "Jeneza la Nolia nililibeba kwa bega hili, Clovis. Huyo si Nolia."

Alitoka, akarudi na bibi Azema Soileau, mganga wa sala, aliyetibu majeraha ya moto na maumivu ya watoto bila kudai chochote. Alikuwa na buti za mpira na rozari. Alisimama mbele ya meza, akanusa hewa.

"Kinakula sauti," alisema. "Mimi nitasali. Lakini aliyekifungulia mlango ndiye wa kukifukuza, kwa jina lake."

"Jina lake silijui, bibi."

"Unalijua. Umekuwa ukiliita wiki nzima."

Clovis alielewa.

Azema alianza kusali. Valvu zikawaka hadi kuta zikawa nyekundu. "Clo," sauti ilisihi, "huko kuna baridi. Usinirudishe. Nani atakaa nawe?" Clovis alimgeukia Ovide, rafiki yake wa miaka yote, akamwona anasali kwa kinywa kipana, mishipa ya shingo imetuna, na hakuna kinachosikika.

"Nolia," alisema. Sauti yake ilikuwa uzi tu. "Nolia, toka nyumbani kwangu."

Spika ilipiga yowe. Madoa ya fedha yakageuka meupe kama maziwa, giza likarudi ndani ya vioo, na papo hapo mvua ikanguruma juu ya bati. Pistache alibweka. Ovide alisikika katikati ya Baba Yetu, kwa sauti ya kupasua masikio, akashtuka mwenyewe, akaangua kicheko na kilio pamoja.

Clovis alifungua kinywa kumshukuru Azema; naye akainua kidole. Mganga wa sala hashukuriwi, dawa huharibika. Akachukua zile valvu zilizokufa, akaondoka.

"Twende ukale kwetu," Ovide alisema.

"Kesho."

Alipobaki peke yake aliketi jikoni, akataka kujifariji kwa Nolia wa kweli, yule wa kumbukumbu. Akamwona mlangoni, mikono ina unga, akimwita kunywa kahawa. Midomo yake ilisogea. Clovis alisubiri. Akamtafuta siku ya harusi, akamtafuta katika ugomvi wao mkubwa, akamtafuta kitandani hospitalini, pale Nolia alipomvuta karibu amwambie neno la mwisho. Kila mahali alimkuta, uso ule ule, macho yale yale, na kila mahali midomo ilifunguka na kufumba, bila sauti.